Dakika 45 za nani? Utafiti wa mchezo wa watu wazima, ukisomwa kutoka Geita

Nikiwa naandika tasnifu yangu ya uzamili, nilialikwa kwenye semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Ilikuwa ya nusu siku. Tukapewa karatasi zenye michoro ya maua, kalamu za rangi, chai na maandazi, kisha mwezeshaji akatuambia kwamba sayansi imethibitisha: dakika 45 za kuchora zinashusha homoni ya msongo. Nikapaka rangi maua yangu vizuri tu. Sitaki kudanganya, nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Jioni nikampigia mjomba wangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Nikamsimulia kwa mbwembwe zote za msomi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Mpwa wangu, hizo dakika arobaini na tano, nani alikuwa anawalipa?"

"Hakuna aliyetulipa, mjomba. Ilikuwa semina tu."

"Basi hakuna aliyekuwa anawadai. Mimi nikikaa juu dakika arobaini na tano bila kushuka, wenzangu wananikata kwenye mgao."

Nilicheka, tukaongea mengine, tukaagana. Lakini swali lile likabaki. Nimerudi kuzisoma tafiti ambazo semina kama ile zinazitegemea, na naona mjomba aligusa kitu ambacho watafiti wengi wamekiruka. Twende taratibu.

Utafiti wenyewe unasemaje

Ile kauli ya dakika 45 haikutoka hewani. Inatokana na utafiti wa mwaka 2016 wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, Marekani. Walichukua watu wazima 39, wa umri wa miaka 18 hadi 59, wakawapa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na vipande vya picha vya kubandika, wakawaacha watengeneze wanachotaka. Mate yao yalipimwa kabla na baada. Kinachotafutwa kwenye mate ni kortisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo pale mwili unapokabiliana na jambo gumu. Kwa takriban robo tatu ya washiriki, kortisoli ilikuwa imeshuka baada ya zile dakika 45. Na aliyewahi kujifunza sanaa hakumzidi yule asiyewahi.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Wengi wetu tuliambiwa tukiwa darasa la tatu kwamba fulani anajua kuchora na wewe hujui, na sisi ambao "hatujui" tukaacha moja kwa moja. Utafiti unasema mwili haujali kama ng'ombe uliyemchora anafanana na mbuzi.

Sasa hebu tuusome kama watu wa sayansi. Kwanza, hakukuwa na kundi la kulinganishia. Kortisoli ina ratiba yake: hupanda asubuhi tunapoamka, kisha hushuka polepole kadiri siku inavyokwenda. Ukimpima mtu saa nne, ukampima tena saa tano kasorobo, inaweza kuwa imeshuka hata kama alikuwa amekaa tu anaangalia ukuta. Pili, kuna huko kukaa kwenyewe. Je, kilichoshusha homoni ni udongo, au ni dakika 45 za kuwa mahali patulivu bila kuitwa na mtu? Kwa utafiti huu hatuwezi kutenganisha. Tatu, washiriki walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kikuu, watu wenye afya zao.

Kama hatua ya mwanzo, ni kazi nzuri. Tatizo ni safari iliyoifanya baadaye. Ilipofika kwenye semina zetu, "robo tatu ya watu 39" ilikuwa imeshageuka kuwa "sayansi imethibitisha".

Zipo kazi zenye mpango imara zaidi. Kundi la René Proyer wa Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, liliwagawa kwa bahati nasibu watu zaidi ya 500. Wengine walipewa zoezi dogo la kufanya kila jioni kwa wiki moja, kwa mfano kukumbuka na kuhesabu nyakati walizocheza au kutania siku hiyo. Wengine walipewa zoezi la kuzugia tu, lisilohusu mchezo. Waliofanya mazoezi ya kweli walizidi kuwa wepesi wa kucheza, na kwa muda walijisikia vizuri zaidi. Hapo kundi la kulinganishia lipo. Ila kila kitu kilifanyika kwa intaneti, na kipimo kilikuwa majibu ya washiriki kuhusu wao wenyewe.

Mwaka 2019, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ni pana, ina kwaya, ina ngoma, ina mengi. Lakini kazi ya mapitio ya aina ile ni kuchora ramani ya kilichopo, na kilichopo kwa sehemu kubwa kimetoka nchi tajiri. Humo, mara nyingi mchezo unaonekana kama dozi: mpe mtu kiasi fulani, mpime. Muda wa kunywea dozi hiyo unachukuliwa kwamba anao tayari.

Hapo ndipo nataka kusimama, kwa sababu ninakotoka mimi, Shinyanga, kuna mchezo wa watu wazima wa zamani sana, na jambo la kwanza uliohitaji ni muda.

Mbina

Usukumani ngoma ya kucheza inaitwa mbina. Msimu wake mkubwa ulikuwa baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, wakati ghala lina kitu na jembe limepumzika. Na mbina haikuwa burudani ya kila mtu na lwake. Ilikuwa mashindano. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vina simulizi za waasisi mahasimu, Ngika na Gumha, na uhasimu huo umerithiwa kizazi hadi kizazi.

Namna ya kushindana ni hii. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kwenye viwanja viwili vilivyo karibu. Hakuna jaji wa mezani. Jaji ni umati: watu wakihama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako, umeshindwa, na unawaona kwa macho yako wakiondoka. Kwa hiyo kila kundi lilitafuta cha kuwavuta. Ningi, yaani manju wa kundi, alitunga nyimbo mpya. Wengine walicheza na nyoka, wengine wakachonga vinyago vya mbao vya kutokea navyo uwanjani, wengine wakabuni sarakasi, na dawa za kuvutia watu nazo zilikuwa sehemu ya maandalizi. Jambo jipya lilifichwa mpaka siku yenyewe.

Mashindano haya hayajafa. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo cha Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, miaka ya 1950, aliyaingiza kwenye sherehe za sikukuu ya Ekaristi. Leo yanajulikana kama Bulabo, na Makumbusho ya Wasukuma yako palepale.

Halafu kuna mchezo ulioingia ndani ya kazi yenyewe. Vijana wa kijiji walilima pamoja wakiongozwa na nsumba ntale, kiongozi wao, kwa ngoma na nyimbo. Bugobogobo, ile ngoma ambayo majembe yanarushwa juu na kudakwa, imetoka huko shambani. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010: za wawindaji, za wapagazi, za wakulima. Ukikipitia unaona haraka kwamba mpaka tunaouchora leo kati ya kazi na mchezo, wale watu hawakuuchora pale tunapouchora sisi.

Sasa linganisha na karatasi yangu ya maua. Mimi nilicheza peke yangu, kimya, bila mshindi, na bila mtu wa kuhamia karatasi ya jirani. Sisemi kuchora hakufai. Nasema tukichukulia kwamba huo ndio mchezo wa watu wazima, tunakuwa tumepima kona moja ya nyumba na kutangaza ukubwa wa nyumba nzima.

Kucheza pamoja kunafanya nini mwilini

Kwenye hili sayansi ina cha kutuambia. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Emma Cohen walichapisha utafiti wa wapiga makasia 12 wa chuo hicho. Walifanya mazoezi kwenye mashine, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa kundi linalokwenda kwa mpigo mmoja. Baada ya kila zoezi walikazwa mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, kuona maumivu yanaanza wapi. Nguvu waliyotumia ilikuwa ileile, lakini wakiwa kundini maumivu yalichelewa zaidi kuanza.

Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake wakapeleka wazo hilo kwenye ngoma, kwa wanafunzi 264 wa sekondari nchini Brazili. Wengine walicheza kwa nguvu, wengine wakicheza wameketi. Wengine walicheza wote hatua moja, wengine kila mtu na yake. Matokeo: kujituma kwa mwili peke yake kulipandisha uvumilivu wa maumivu, na kwenda pamoja peke yake nako kulipandisha. Vyote viwili pia viliwafanya wajisikie karibu zaidi na wenzao. Maelezo yanayopewa uzito ni endofini, kemikali ambazo mwili unajitengenezea zinazofanya kazi kwa njia inayofanana na dawa kali za maumivu. Watafiti hawakuzipima moja kwa moja. Uvumilivu wa maumivu ulisimama badala yake.

Mtu aliyewahi kusimama kandokando ya bugobogobo hatashangaa. Watu ishirini wanainua jembe kwa pamoja, wanalishusha kwa pamoja, jua la saa saba liko kichwani, na wanacheka.

Lakini hapahapa pana mtego, na kwa nchi ya dhahabu mtego huu si wa kinadharia.

Maumivu nayo ni taarifa

Kwa mwanafunzi wa chuo, kuchelewa kusikia maumivu ni faida tupu. Kwa mtu aliye ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, maumivu ya mgongo, kifua kinachobana na macho yanayowasha ni taarifa. Ukivipunguza sauti bila kuondoa chanzo, umemsaidia nani?

Mwaka 2015 Perry Gottesfeld na wenzake walichapisha vipimo vya vumbi la silika katika uchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Tanzania. Silika ni madini yaliyo kwenye mwamba wa kwazi unaobeba dhahabu. Ukiuchoronga mwamba huo, vumbi lake laini linaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu, na mapafu hayo yanakuwa mepesi kushikwa na kifua kikuu. Kwa wanaochoronga chini ya ardhi, wastani wa vumbi hilo ulizidi mara 337 kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini. Juu ya ardhi, kwenye shughuli kama za kusaga mawe, ulizidi mara nne. Hapo bado hatujagusa zebaki inayotumika kukamatia dhahabu na kisha kuchomwa, na moshi wake kuvutwa na aliye karibu.

Ngoma haichuji vumbi. Nasema hivi kwa sababu neno "ustawi" linaanza kupendwa sana maofisini, na ni neno rahisi kulipia. Kumletea mchimbaji mwezeshaji mwenye kalamu za rangi ni bei ndogo kuliko kumletea maji ya kulowesha mwamba wakati wa kuchoronga, jambo ambalo linapunguza vumbi kwelikweli. Kama siku moja utaona mradi unaowafundisha watu wa machimbo kucheza bila kugusa hewa wanayovuta, shika kalamu yako, si ya rangi, ile ya kuandikia maswali.

Na tusiipambe mbina kupita kiasi. Wimbo wa shambani ulimfurahisha mlimaji, na pia ulimwongezea mwenye shamba eka zilizolimwa. Uhasimu wa Bagika na Bagalu ulizaa ubunifu, ukazaa pia hofu ya kurogana. Mchezo wa kweli una hatari zake. Ndiyo maana naona ajabu pale unapouzwa kama vidonge visivyo na madhara.

Mgodi hauna Juni

Sasa turudi kwa mjomba na swali lake. Kilimo cha Usukumani, pamoja na shida zake, kina mwezi ambao jembe linalala. Mbina ilikaa ndani ya mwezi huo. Hakuna aliyempa Msukuma dakika 45. Msimu ulimpa miezi, na miezi hiyo ilikuwa yake.

Mgodi hauna Juni. Dhahabu iko chini mwaka mzima, na duara linaweza kufanya kazi usiku na mchana kwa zamu. Wachimbaji wengi hawana mshahara: wanapata mgao wa mifuko ya mawe, wayapeleke karasha kusagwa, ndipo wajue kama wiki ilikuwa ya neema au ya bure. Kwa utaratibu huo, saa ya kupumzika ina bei, na bei yenyewe haijulikani mpaka mawe yasagwe. Huwezi kujua kama umepumzikia mfuko mtupu au umepumzikia mfuko uliokuwa na dhahabu.

Ndiyo kusema hawachezi? Wanacheza sana. Nenda kijiwe chochote machimboni utakuta drafti ya vizibo vya soda, mabingwa wake na watani wake. Utakuta meza ya pool. Na siku hizi utakuta kila mmoja na simu yake, anapanga mkeka. Mechi ya Ulaya ikiisha vibaya mkeka umechanika, kesho anashuka tena.

Angalia tofauti. Drafti inachezwa mbele ya watu, matusi ya utani yanarushwa, akili inachemka, na ukishindwa umepoteza heshima ya jioni moja. Mkeka unachezwa peke yako, huna unachobuni, na ukishindwa umepoteza chakula. Vyote tunaviita mchezo. Kubeti kunamfaa mtu asiye na muda: dakika mbili, umemaliza, na kunafanana mno na kazi ambayo tayari ni kamari. Mimi sioni kuwa watu wa machimbo wamesahau kucheza. Naona muda wao umekatwa vipande vidogo kiasi kwamba mchezo pekee unaoenea ndani yake ni ule unaowala.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tafiti nyingi za mchezo wa watu wazima zinauliza: ni mchezo gani, dakika ngapi, homoni imeshuka kiasi gani. Swali linalotangulia hayo yote halimo: muda huo ni wa nani? Kama ni wa mchezaji mwenyewe, basi udongo, kalamu au ngoma vitapata pa kufanyia kazi. Kama ameuiba kwenye mgao wake, sitashangaa kukuta kortisoli imepanda huku mkono ukiendelea kupaka rangi.

Tupime nini basi

Sitaki kuishia kulalamika, maana kulalamika ni rahisi kuliko kupima. Utafiti ninaoutamani hauhitaji maabara ya ajabu. Chukua maduara kadhaa ambayo wachimbaji wake wamekubali wenyewe. Kwa bahati nasibu, nusu yao wapate alasiri moja kwa wiki ambayo mgao wao wa siku hiyo umefidiwa, na wasiambiwe wafanye nini. Nusu nyingine wapate alasiri hiyohiyo na fidia hiyohiyo, lakini pamoja na kundi la ngoma au mashindano ya drafti. Weka na wale wanaosubiri zamu yao, ili tujue mabadiliko gani yangetokea hata bila sisi. Pima mate kwa saa zilezile za siku. Pima usingizi. Uliza wanatumia shilingi ngapi kubeti. Na pima vumbi pia, kwa sababu kama tutakuwa tumeingia hapo na vifaa vyetu tukapima furaha tu, tutakuwa tumefanya kosa lilelile.

Nina hisia kwamba kundi la kwanza, lile lililopewa muda bila maelekezo, litatushangaza. Huenda likaanza kucheza lenyewe. Huenda likalala. Yote mawili ni matokeo.

Na wewe unayesoma ukiwa chuoni, bwenini, umechoka: kalamu za rangi zisikupite, zinafaa. Ila ukipata nafasi, tafuta mchezo wenye watu, unaokutaka ubuni, na ambao unaweza kushindwa mbele ya macho ya wenzako. Halafu jiulize ni nani anayekudai saa hiyo.

Rasimu ya makala hii nilimsomea mjomba kwenye simu. Ujanani alicheza upande wa Bagika, huko Kishapu, kabla hajafuata dhahabu. Nilitegemea aniulize kuhusu kortisoli. Akasema: "Umeandika vizuri, mpwa, lakini hukusema kwamba tulikuwa tunashindwa. Kuna mwaka watu walituhama wote, tukabaki na mbwa wawili na mama yake manju. Tulirudi nyumbani tunacheka. Mwaka mzima tulikuwa tunapanga cha kuwafanyia wale Bagalu."

Nikamuuliza siku hizi anapanga nini mwaka mzima. Akanyamaza kidogo, akasema zamu yake imefika, anashuka.